HAKI ZA MTOTO NA UONGOZI WA VIJANA: YALIYOFANYIKA MBEYA NA IRINGA NA MAFUNZO YAKE KWETU

Makala hii imeandaliwa kwa ajili ya watendaji wa Serikali wa ngazi zote, pamoja na wananchi wa Unguja na Pemba kwa jumla. Madhumuni yake ni kueleza namna jumuiya isiyo ya kiserikali inavyoweza kuisaidia jamii kutekeleza haki za mtoto, na namna inavyowalea vijana hata wakawa viongozi katika maeneo yao. Mfano uliochaguliwa ni wa Nyanda za Juu Kusini, yaani Mikoa ya Mbeya na Iringa, ambako kazi ya aina hii ilianza katika miaka ya 1990 na imeacha mengi ya kujifunza.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mfano utafutwe mbali hivyo, ng'ambo ya bahari na juu ya milima. Jibu ni kwamba Visiwani tunazo sheria zinazofanana na za huko, tunayo mabaraza ya watoto na ya vijana, na tunazo jumuiya nyingi zinazobisha hodi katika ofisi zetu zikiomba kushirikiana nasi. Ni vyema basi mtendaji ajue kazi hiyo hufanywaje inapofanywa vizuri, hukwama wapi, na sehemu ipi ya kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mwingine yeyote isipokuwa yeye mwenyewe.

MTOTO NI NANI, NA HAKI ZAKE NI ZIPI

Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto tarehe 20 Novemba 1989, na Tanzania ikauridhia mwaka 1991. Nchi za Afrika nazo zilikuwa na mkataba wao, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2003. Ili mikataba hiyo iwe na nguvu mbele ya mahakama zetu, Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009, na Zanzibar ikatunga Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011. Kwa mujibu wa sheria zote mbili, mtoto ni mtu aliye na umri wa chini ya miaka 18.

Haki za mtoto kwa kawaida huelezwa katika mafungu manne: kuishi, kuendelezwa, kulindwa na kushiriki. Mafungu matatu ya mwanzo hayana ubishi mkubwa, kwani kila mzazi anaelewa kuwa mtoto hana budi kulishwa, kutibiwa, kusomeshwa na kukingwa na madhara. Fungu la nne ndilo lenye kusahauliwa. Kifungu cha 12 cha Mkataba kinasema kuwa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni yake apewe nafasi ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake.

Wapo wanaodhani kuwa haki hii inampa mtoto amri juu ya wazazi wake. Sivyo. Mwenye kuamua anabaki kuwa mkubwa, ila anatakiwa asikilize kabla ya kuamua. Faida yake ni dhahiri: mtoto asiyezoea kusikilizwa katika mambo madogo hatathubutu kusema siku atakapofikwa na jambo kubwa. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ulionesha kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10 na mvulana 1 katika kila 7 walikutana na ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Waliowahi kumweleza mtu ni wachache. Haki ya kushiriki, kwa hiyo, ni sehemu ya ulinzi wenyewe.

HALI YA MIKOA HIYO

Mikoa ya Mbeya na Iringa ipo kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Zamani mipaka yake ilikuwa mipana zaidi: Njombe ilitengwa na Iringa mwaka 2012, na Songwe ikatengwa na Mbeya mwaka 2016. Katika Sensa ya mwaka 2022 Mbeya ilikuwa na watu 2,343,754, na Iringa 1,192,728.

Ardhi ya huko ina rutuba. Kuna chai Mufindi na Rungwe, mpunga Mbarali na Kyela, mahindi na viazi karibu kila mahali. Hata hivyo neema ya shamba haikuwafikia watoto wote. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionesha kuwa Iringa, mkoa wenye kulisha mikoa mingine, ulikuwa na watoto waliodumaa kwa kiasi cha asilimia 57 ya walio chini ya miaka mitano. Kiwango hicho kilikuwa cha juu kuliko cha mkoa mwingine wowote nchini, na wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Ghala lilikuwa limejaa mahindi, lakini mtoto alihitaji pia maharage, mboga, matunda, mayai na maziwa, na alihitaji mama mwenye wasaa wa kumlisha mara kadhaa kwa siku.

Jambo la pili ni maradhi ya UKIMWI. Utafiti wa mwaka 2016/17 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 11.4, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3, ilhali wastani wa taifa ulikuwa karibu asilimia 5 na Zanzibar chini ya asilimia 1. Miaka ya nyuma, Wilaya ya Makete, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa, ilijulikana nchi nzima kwa wingi wa mayatima. Watoto wengi walilelewa na bibi zao, na wengine wakabaki wakilea wadogo zao.

Jambo la tatu ni kazi za watoto. Kwa miaka mingi wasichana wadogo kutoka vijiji vya Iringa wamekuwa wakichukuliwa kwenda Dar es Salaam na miji mingine kuwa watumishi wa ndani, aghalabu kwa ahadi ya kusomeshwa ambayo haitekelezwi. Mbeya nako, katika machimbo ya dhahabu ya Chunya, watoto wamekutwa wakichimba, wakitwanga mawe na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2013 ililieleza jambo hilo kwa kirefu. Sheria za kazi za Tanzania Bara haziruhusu mtoto wa chini ya miaka 14 kuajiriwa, na aliyezidi umri huo hatakiwi kupewa kazi yenye kumdhuru au kumkosesha masomo.

KAZI YA VIJANA WA KUJITOLEA

Mwaka 1985 mwalimu mmoja wa Uingereza, Jim Cogan, alianzisha shirika lililoitwa Students Partnership Worldwide, kwa kifupi SPW. Shirika hilo lilianza kazi Tanzania mwaka 1993, na kwa miaka mingi makao yake nchini yalikuwa mjini Iringa. Mwaka 2010 lilibadili jina na kuitwa Restless Development. Mbeya na Iringa ni miongoni mwa mikoa ambako lilifanya kazi kwa muda mrefu.

Msingi wa kazi yake ulikuwa mwepesi kueleweka: kijana humsikiliza kijana mwenziwe kwa namna asivyomsikiliza mgeni mwenye cheo. Shirika lilichagua vijana waliomaliza skuli, likawapa mafunzo, kisha likawapeleka kuishi vijijini kwa miezi kadhaa. Hawakuwa wageni wa siku moja wenye kuhutubia na kuondoka na gari. Walikaa kijijini, wakachota maji kisima kimoja na wenyeji, wakafundisha stadi za maisha katika skuli za msingi na sekondari, wakaanzisha vilabu vya baada ya masomo, wakaitisha michezo na midahalo.

Katika vilabu hivyo yalizungumzwa mambo ambayo mzazi huona haya kuyasema na mwalimu hukosa nafasi ya kuyafundisha: kubalehe, ujauzito, UKIMWI, namna ya kukataa kishawishi, na mahali pa kwenda mtu anapodhuriwa. Aidha, vijana wa kujitolea walikutana na serikali za vijiji, wazee na watumishi wa zahanati, ili kijana atakayekwenda kutaka huduma asifukuzwe kwa kuonekana mtovu wa adabu. Baadaye ukaja mpango ulioitwa Mabinti Tushike Hatamu, uliowalenga mabinti walio nje ya skuli. Hawa ndio wasiofikiwa na mwalimu, wala na kilabu cha skuli, wala na tangazo la ubaoni.

Kuhusu uongozi, shirika halikuwafundisha vijana uongozi kwa mihadhara peke yake. Liliwapa dhamana. Kijana wa miaka 20 aliyekabidhiwa vilabu viwili, daftari la mahudhurio na wajibu wa kutoa taarifa mbele ya mkutano wa kijiji alijifunza kupanga, kusema kweli mbele za watu, kuvumilia kukosolewa na kutunza alichokabidhiwa. Mafunzo ya namna hiyo hayasahauliki upesi, na mwenye kuyapata huyabeba popote aendapo, akiwa mwalimu, mkulima, mfanyabiashara au mtumishi wa umma.

MSICHANA NA SKULI

Shirika la pili lenye kustahili kutajwa ni CAMFED, lililoanzishwa na Ann Cotton mwaka 1993 baada ya kuona nchini Zimbabwe kuwa wasichana wa vijijini hawakosi skuli kwa kukataliwa na wazazi, bali kwa umasikini. Lilianza kazi Tanzania mwaka 2005, na Iringa ilikuwa miongoni mwa mahali lilipoanzia.

Wananchi watakumbuka kuwa Tanzania Bara iliondoa ada ya sekondari ya chini kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Kuondoa ada lilikuwa jambo kubwa, lakini ada haikuwa gharama pekee. Zipo sare, viatu, madaftari, chakula, na zaidi ya yote upo umbali. Katika milima ya Kilolo au Mufindi skuli ya sekondari inaweza kuwa mwendo wa saa nyingi kutoka nyumbani. Pasipo na dakhalia, wasichana hupanga vyumba karibu na skuli, vyumba ambavyo huko huitwa mageto, wakaishi bila ya mlezi wakiwa na umri wa miaka 14 au 15. Wengi wanaopata ujauzito na kuacha masomo wamepitia njia hiyo.

CAMFED hutoa mahitaji hayo, lakini haligawi fedha peke yake. Huunda kamati ya wilaya inayowakutanisha maafisa wa elimu, ustawi wa jamii, polisi, viongozi wa jamii na wazazi, na kamati hiyo ndiyo inayochagua watoto wenye shida zaidi na kufuatilia maendeleo yao. Kila skuli huwa na mwalimu mlezi. Wasichana waliomaliza masomo kwa msaada huo hurudi skulini kwa kujitolea, wakifundisha somo linaloitwa Dunia Yangu Bora, wakimfuata nyumbani mwanafunzi aliyeacha kuja, na kuzungumza na wazazi wake. Naye anayejitolea hupata mafunzo yanayotambuliwa na mkopo usio na riba wa kuanzisha biashara.

Tangu mwaka 1998 wahitimu wa shirika hilo wana umoja wao, ulioanzia Zimbabwe na kuenea nchi nyingine. Angeline Murimirwa, aliyekuwa miongoni mwa wasichana wa mwanzo kusomeshwa Zimbabwe, alifikia kuwa mkuu wa shirika lote mwaka 2023. Huo ndio uongozi wa vijana kwa maana yake kamili: aliyesaidiwa jana ndiye anayepanga msaada wa leo, naye anaijua njaa ya mwanafunzi kwa kuipitia.

Kuhusu wasichana waliopata ujauzito, Zanzibar iliweka utaratibu wa kuwarejesha skulini mwaka 2010, na Tanzania Bara ikatoa waraka wa kuwaruhusu kurudi mwaka 2021.

PANAPOKWAMA

Ingekuwa si uadilifu kueleza mafanikio na kunyamaza kuhusu upungufu. Upungufu wa kwanza ni muda. Vijana wa kujitolea huja na kuondoka. Mpango wa Serikali ya Uingereza wa kuwaunganisha vijana wao na vijana wa nchi nyingine, ambao Restless Development ilishiriki kuutekeleza nchini, ulianza mwaka 2011. Vijana wa Uingereza walirudishwa kwao Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, na baadaye mpango ukafungwa. Mwaka 2021 Uingereza ikapunguza fedha za misaada, na mwaka 2025 Marekani ikalifunga shirika lake la misaada, USAID. Kilabu kinachotegemea fedha hizo pekee hufa siku fedha zinapokoma, na mtoto aliyezoea kwenda kusema shida yake hapo huukuta mlango umefungwa.

Upungufu wa pili ni kuwafikia walio rahisi kufikiwa. Mwanafunzi aliyekaa darasani ni rahisi kumfundisha haki zake. Msichana aliye jikoni kwa mwajiri wake, au mvulana aliye shimoni machimboni, hana kilabu wala mwalimu mlezi. Asipotafutwa hatapatikana, na yeye ndiye mwenye haja kubwa zaidi.

Upungufu wa tatu ndio unaotuhusu sisi watendaji. Jumuiya inaweza kumfundisha mtoto kuwa ana haki ya kutoa taarifa. Haiwezi kumkamata mwenye kosa, wala kumpeleka mahakamani, wala kumwondoa mtoto katika nyumba anamodhuriwa. Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara imeweka wajibu wa kumlinda mtoto juu ya serikali za mitaa. Inamtaka kila mwanajamii anayejua kuwa mtoto ananyimwa haki kutoa taarifa, na inamtaka afisa wa ustawi wa jamii amwite mhusika baada ya kuarifiwa. Ikiwa mtoto amefundishwa kusema, akasema, na jalada likalala juu ya meza, tumemwacha katika hali mbaya kuliko ya mwanzo; kwani sasa amejulikana kuwa amesema, na anabaki chini ya mkono wa yule aliyemshitaki.

MAFUNZO KWA VISIWA VYETU

Zanzibar inazo taasisi ambazo wenzetu walilazimika kuanza kwa kuzibuni. Tunayo Sheria ya Baraza la Vijana Namba 16 ya mwaka 2013, yenye kuanzia ngazi ya shehia. Tunayo mabaraza ya watoto, na kila tarehe 16 Juni tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika. Kinachotakiwa ni kuzipa taasisi hizo kazi ya kweli. Kutokana na yaliyoelezwa, mambo yafuatayo yanafaa kuzingatiwa:

(a) Baraza la watoto au la vijana likikutana, lililosemwa liandikwe katika daftari, lipelekwe kwa mwenye mamlaka, na jibu lirudishwe kwa waliolisema katika muda unaojulikana. Jibu la kukataa lenye sababu ni bora kuliko kimya. Watoto wasiitwe kwa ajili ya kuimba na kusoma risala siku ya sherehe tu.

(b) Sheha, kwa kushirikiana na walimu, awe na orodha ya watoto wa shehia yake walio nje ya skuli, pamoja na wale wanaotumika majumbani, wakiwemo waliotoka nje ya shehia. Mtoto asiyeandikwa popote hawezi kulindwa.

(c) Jumuiya inayoomba kufanya kazi na watoto iulizwe mambo matatu kabla ya kupokelewa: nani atakayebaki pindi fedha zikimalizika, itawafikiaje watoto walio nje ya skuli, na imewachunguzaje watu itakaowaweka karibu na watoto. Swali la mwisho lisionewe haya, kwani si kila anayejitolea ana nia njema.

(d) Kijana akipewa nafasi ya uongozi, apewe na dhamana inayopimika, na mkubwa mmoja wa kumwelekeza. Kumwita kijana kiongozi bila ya kumkabidhi kitu ni kumdanganya. Kadhalika, asilipwe posho ya kukaa kikaoni akajifunza kuwa uongozi ni kikao.

(e) Kila ofisi inayopokea taarifa za watoto iwe na mtu anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mpokeaji, na siri ya mtoto itunzwe. Anayepokea aandike tarehe ya kupokea, hatua iliyochukuliwa na tarehe ya hatua hiyo.

Kwa upande wa wazazi na wananchi wengine, kazi yao ni nyepesi kuitaja na nzito kuitenda. Wasimtoe binti kwa mtu wasiyemjua kwa ahadi ya kusomeshwa mjini. Anayemwajiri mtumishi wa ndani ahakikishe umri wake kwanza. Jirani anayesikia kilio cha mtoto kila usiku asijisemee kuwa hayo ni mambo ya nyumba ya watu. Wahenga walisema udongo uwahi uli maji. Walikusudia malezi, na neno hilo linafaa pia kwa mtoto aliyeanza kudhurika, ambaye akiwahiwa husalimika.

Taarifa za mtoto anayeteswa au kunyimwa haki zinaweza kupelekwa kwa sheha, kituo cha polisi, ofisi ya ustawi wa jamii, au kwa simu ya huduma kwa mtoto namba 116, ambayo mpigaji hatozwi malipo. Watendaji wote wanaombwa kuiweka namba hiyo mahali pa wazi katika ofisi, skuli na vituo vya afya, na kuhakikisha kuwa taarifa inayowafikia inashughulikiwa na kujibiwa.